Mwalimu Aliyeuliza Fedha Ziko Wapi

Shule anayofundisha mama yangu ilikuwa na viwanja viwili vya michezo. Kimoja kipo mpaka leo, kile chenye magoli ya mabomba yaliyopinda. Cha pili kilikuwa nyuma ya vyoo, upande wa barabara kubwa, na hapo ndipo tulipocheza rede mpaka kengele ilipogongwa. Siku hizi pana uzio wa tofali, safu ya fremu za maduka na duka la vifaa vya ujenzi. Nilipokwenda kuanza sekondari ya bweni kiwanja kilikuwepo. Niliporudi likizo hakikuwepo. Sikuuliza, na nyumbani hakuna aliyenieleza.

Nilikuja kukikumbuka mwaka huu nikiwa maktaba, nikisoma habari za jiji ambalo sijawahi kufika. Nasoma shahada ya uzamili ya historia, na wakati huo nilikuwa nahangaika na mada ya tasnifu. Nilitaka kuandika juu ya vyama vya wafanyakazi, na mwalimu wangu akanishauri nianze mbali na nyumbani ili nijifunze kuona. Akanipa kumbukumbu za Margaret Haley, mwalimu wa shule ya msingi wa Chicago, Marekani, zilizochapwa mwaka 1982 kwa jina la *Battleground*, zaidi ya miaka 40 baada ya mwenyewe kufariki.

Nilikifungua kitabu nikitarajia habari za mishahara. Kwetu nyumbani chama cha walimu kilikuwa mstari mmoja kwenye slipu ya mshahara ya mama, sehemu ya makato, pamoja na fulana na kofia zilizokuja kila Mei Mosi. Fulana zile alifanyia usafi. Nilidhani kazi ya kiongozi wa chama cha walimu ni kudai nyongeza, akipewa ananyamaza, asipopewa anatishia mgomo. Sikuwa nimefikiri kwamba anaweza kukaa na mafaili ya kodi.

Haley alizaliwa mwaka 1861 mjini Joliet, jimbo la Illinois, katika familia yenye asili ya Ireland. Alianza kufundisha akiwa na miaka 16 kwa sababu nyumbani hela ziliisha. Baadaye akahamia Chicago, na kwa miaka kama 16 akafundisha darasa la sita katika Shule ya Hendricks, mtaa wa machinjio. Ilikuwa sehemu ya wahamiaji maskini, ya moshi na harufu ya damu, ambako mwalimu mmoja alisimama mbele ya watoto 50 au zaidi, wengi wao wakizungumza nyumbani lugha ambayo yeye haijui. Mtu aliyewahi kuingia darasa la tatu la mama yangu hahitaji kuelezwa zaidi.

Mwaka 1897 walimu wa shule za msingi wa Chicago walianzisha chama chao, Chicago Teachers' Federation. Karibu wote walikuwa wanawake, na wanawake hawakuwa na haki ya kupiga kura. Kilichowasukuma mwanzoni kilikuwa kulinda pensheni yao. Kisha wakageukia mshahara, ambao haukuwa umepanda kwa takriban miaka 20. Mwaka 1898 bodi ya shule ikakubali kuwaongeza kidogo kidogo, kwa awamu. Walimu wakapata sehemu ya kwanza. Muda si mrefu bodi ikasema hazina imekauka na nyongeza imefutwa.

Mahali hapa ndipo nilipokaa vizuri kwenye kiti. Kiongozi wa aina niliyoizoea angesema bodi imevunja ahadi, basi tugome. Haley na mwenzake Catharine Goggin waliuliza swali lingine: hazina imekauka kwa nini? Chicago ilikuwa inakua kuliko karibu mji wowote duniani. Maghorofa yalipanda, reli za tramu zilitandazwa kila mtaa, mabomba ya gesi yalichimbiwa chini ya barabara na nyaya za simu zikapita juu yake. Mji tajiri kiasi hicho ulikosaje mshahara wa mwalimu wa darasa la sita?

Mwaka 1900 Haley aliacha kufundisha akawa mtumishi wa chama muda wote. Yeye na Goggin wakaanza kupekua kumbukumbu za kodi. Walichokikuta si siri kubwa. Kilikuwa kimeandikwa katika vitabu ambavyo hakuna mtu aliyejisumbua kuvifungua. Kampuni za gesi, umeme, simu na tramu zilikuwa na vibali vya kutumia barabara za jiji, vibali vyenye thamani ya mamilioni ya dola. Sheria ya Illinois ilitaka thamani hiyo itozwe kodi. Haikutozwa. Chombo cha jimbo kilichopaswa kuikadiria, chenye makao Springfield, kilikuwa kinairuka mwaka hadi mwaka, na sehemu ya kodi hiyo ilikuwa haki ya shule.

Walimu walikwenda Springfield na takwimu zao. Walizungushwa, wakarudi tena, hatimaye wakaenda mahakamani. Mwaka 1901 mahakama iliamuru kampuni zikadiriwe, na Mahakama Kuu ya Illinois ikakubaliana na uamuzi huo. Kampuni zikakimbilia mahakama ya shirikisho na kupunguziwa mzigo. Hata hivyo, baada ya punguzo hilo, fungu la shule lilifika karibu dola 250,000. Wanawake wasio na kura walikuwa wamezilazimisha kampuni zenye nguvu kuliko zote mjini zitoe hela.

Nilimpigia mama siku hiyo kumsimulia. Akasikiliza, akacheka, kisha akauliza swali ambalo nilikuwa sijalifikia kitabuni. "Na hizo hela walipewa walimu?"

Hawakupewa. Bodi ya shule ilizipokea, kisha ikaamua zilipe deni la makaa ya mawe, matengenezo ya majengo na mahitaji mengine. Nyongeza iliyofutwa ikabaki imefutwa.

Nakiri kwamba hapa niliyumba. Majira ya baridi ya Chicago yanaua. Mtoto hawezi kusoma darasani bila moto, na mwalimu anayekwenda kortini ili hela ziende kwenye mshahara wake badala ya makaa anaonekana vibaya. Nimeyasikia maneno hayo hapa kwetu, kwenye daladala na kwenye taarifa ya habari, kila walimu wanapolalamika: mnawaadhibu watoto wasio na hatia. Nimelelewa kwa mshahara wa ualimu na bado maneno hayo yananigusa, kwa sababu yana ukweli ndani yake. Mwalimu akisimama, anayekosa kipindi ni mtoto.

Lakini ukiisoma kesi hiyo kwa utulivu unaona jinsi mtego ulivyotegwa. Nyongeza ilikuwa ahadi ya bodi yenyewe. Fedha zilipatikana kwa jasho la walimu, waliofanya kazi ya ukaguzi ambayo bodi ilitakiwa kuifanya na haikuifanya. Kisha zilipofika, mezani vikawekwa vitu viwili tu, makaa ya mtoto na mshahara wa mwalimu, kana kwamba hakuna chochote kingine mjini. Wale waliokwepa kodi hawakuwekwa mezani. Walimu wakaishitaki bodi. Mwaka 1904 Jaji Edward Dunne aliamua kwamba walimu walipwe, na mwaka uliofuata Dunne huyo akachaguliwa kuwa meya wa Chicago.

Nadhani huu ndio moyo wa fikra za Haley juu ya shule za umma. Hakukubali ugomvi kati ya mwalimu na mtoto. Kwake mshahara mdogo na darasa lililofurika vilitoka chanzo kimoja, na kila alipoambiwa achague kimoja yeye aliuliza nani anashika mfuko.

Jambo la pili alilolifuatilia ni ardhi, na hilo ndilo lililonirudisha nyuma ya vyoo vya shule yetu.

Marekani ilipokuwa inapima ardhi zake mpya, sheria ya mwaka 1785 iliagiza kila eneo la kitongoji ligawanywe vipande 36, na kipande namba 16 kiwekwe kwa ajili ya shule. Chicago ilipoanza, kipande namba 16 kiliangukia mahali palipokuja kuwa katikati ya jiji. Mtu akifumba macho afikirie Kariakoo na Posta vikiwa mali ya shule za msingi, atapata picha. Kipande hicho kiligawanywa viwanja 142, na mwaka 1833, mji ukiwa bado kijiji cha matope, viwanja 138 viliuzwa kwa jumla isiyofika dola 40,000. Vikabaki vinne.

Vinne hivyo pekee vingeweza kuzitunza shule kwa vizazi. Bodi ilivipangisha, na mikataba ikasema kodi ya pango ikadiriwe upya kila baada ya miaka mitano ili ipande pamoja na thamani ya ardhi. Kisha mwaka 1895 baadhi ya wapangaji wakubwa, likiwemo gazeti la *Chicago Tribune*, wakarefushiwa mikataba hadi mwaka 1985, na kile kifungu cha kukadiria upya kikaondolewa. Ndani ya bodi wakati huo alikuwemo wakili wa gazeti hilo hilo. Chama cha walimu kiliipigia kelele mikataba hiyo kwa miaka, na utawala wa Dunne ukajaribu kuivunja. Ilishindikana. Gazeti lililowashutumu walimu kwa tamaa liliendelea kukaa kwenye ardhi ya watoto kwa kodi ya zamani.

Niliusoma ukurasa huo mara tatu.

Haley alifahamu kwamba kushinda kesi moja hakutoshi. Mwaka 1902 aliwaongoza walimu kujiunga na shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Chicago, pamoja na wapakia mizigo, madereva wa mikokoteni na wachinjaji. Ilikuwa kashfa. Mwalimu alihesabiwa kuwa mtu wa heshima, mwenye kola safi, asiyekaa meza moja na mchinjaji. Lakini wachinjaji walikuwa baba za wanafunzi wake, na walikuwa na kura. Mwalimu asiye na kura alihitaji mzazi mwenye kura, na mzazi alihitaji shule ambayo mtoto wake hatasomeshwa kwa mabaki.

Miaka miwili baadaye, mjini St. Louis, alipanda jukwaa la mkutano wa chama cha taifa cha elimu. Chama hicho kilijaa walimu wanawake na kiliongozwa na wakuu wa elimu na marais wa vyuo, wanaume. Alieleza kwa nini walimu wajiunge pamoja, akataja mambo manne yanayoiua kazi yao: mshahara usiotosha, kukosa uhakika wa ajira na wa uzeeni, madarasa yaliyojaa kupita kiasi, na mwalimu kutotambuliwa kuwa mtu mwenye akili yake. La nne ndilo alilolisisitiza kuliko watu walivyotarajia. Alisema shule inafanywa kiwanda. Juu anakaa msimamizi anayetoa amri, chini anasimama mwalimu anayezitekeleza bila kuuliza. Akauliza mwalimu asiyeruhusiwa kufikiri atawafundishaje watoto kuwa raia huru.

Bei ya maneno hayo aliilipa yeye na wengine. Mwaka 1915 bodi ya shule, chini ya Jacob Loeb, ilipitisha kanuni ya kuwakataza walimu kuwa wanachama wa vyama vya wafanyakazi. Januari 1916 Goggin alikufa kwa ajali ya barabarani. Miezi michache baadaye bodi ilikataa kuwapa mikataba mipya walimu 68, wengi wao wenye rekodi nzuri za kazi, na sehemu kubwa wakiwa watu wa chama cha Haley. Mwaka huo huo chama chake kilikuwa kimeshiriki kuanzisha shirikisho la taifa la walimu, kikapewa namba moja katika orodha ya matawi. Mwaka 1917 Haley alikitoa chama katika shirikisho hilo na katika lile la wafanyakazi wa jiji, ili waliofukuzwa warudishwe. Mwaka huo pia sheria mpya ya jimbo iliwapa walimu wa Chicago ulinzi wa ajira.

Sijui ningefanya nini mahali pake. Alikuwa amewaambia walimu kwa miaka 15 kwamba nguvu yao iko kwa wafanyakazi wenzao, kisha akawaacha wafanyakazi hao ili wenzake wapate mkate. Wapo waliomlaumu, na sioni sababu ya kumficha. Chama chake nacho kilikuwa na mipaka: kilibaki cha walimu wa msingi, wengi mno wakiwa wanawake weupe, na mwaka 1937 vyama vingine vya walimu wa Chicago vilipoungana kuwa kimoja, chake hakikuingia. Haley alifariki Januari 1939, mapigano makubwa yakiwa mikononi mwa wengine.

Swali lake halikufa naye. Septemba 2012 walimu wa Chicago waligoma kwa siku saba za masomo, mgomo wao wa kwanza tangu 1987. Kiongozi wao alikuwa Karen Lewis, mwalimu wa kemia, mwanamke mweusi aliyezaliwa na kukulia jiji hilo. Kabla ya mgomo chama chake kilitoa ripoti ya kueleza shule ambazo watoto wa Chicago wanastahili. Ndani yake kulikuwa na madarasa madogo, wauguzi, maktaba, muziki na sanaa. Nacho kiliuliza fedha ziko wapi, kikaelekeza kidole kwenye utaratibu unaochukua sehemu ya kodi ya majengo na kuiweka kwenye mfuko wa kuendeleza maeneo, badala ya kuipeleka shuleni. Wazazi wengi waliwaunga mkono, ingawa watoto walikuwa nyumbani. Mwaka uliofuata jiji lilifunga shule zipatazo 50 kwa mpigo, nyingi katika mitaa ya watu weusi. Lewis alifariki mwaka 2021.

Jumapili iliyopita nilimpigia tena mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

Nikamwambia nimekula. Nikamsimulia habari ya kipande namba 16 na lile gazeti. Alinyamaza hadi nikadhani simu imekatika. Kisha nikamuuliza kile kiwanja cha nyuma ya vyoo kilikwendaje.

"Kuna kikao kilikaa," akasema. "Mimi nilikuwa mwandishi."

Akanieleza kidogo kidogo. Kamati ya shule iliitwa jioni, wakaambiwa eneo lile halimo kwenye ramani ya shule, lilikuwa linatumiwa tu. Ramani yenyewe haikuletwa. Mama wakati huo alikuwa anasubiri uhamisho wake ukubaliwe ili awe karibu na bibi aliyekuwa mgonjwa. Barua yake ilikuwa mezani kwa watu wanaojuana na watu waliokaa kwenye kile kikao.

"Ulisema nini?"

"Niliandika."

Usiku alinitumia picha kwa WhatsApp. Alikuwa ameitunza nakala yake katika kaunta buku yenye jalada gumu, kwenye sanduku la vyeti. Mwandiko ni ule ule anaouandika ubaoni, herufi za duara, mistari imenyooka. Tarehe, waliohudhuria, waliotoa udhuru. Ajenda namba tatu: eneo la nyuma ya vyoo. Wajumbe walijulishwa kuwa eneo si mali ya shule. Chini yake Mengineyo, na mbele ya neno hilo ameandika: hakuna. Kisha kikao kikafungwa saa kumi na mbili na robo, na sahihi yake.

Mama anastaafu mwakani. Sikumwandikia lolote la kumshauri, maana si mimi niliyekaa kwenye kile kikao nikiwa na mama mgonjwa kijijini. Nilijibu tu kwamba picha imefika na inasomeka.

Asubuhi akapiga mwenyewe, jambo ambalo halifanyi kabla ya kwenda kazini.

"Huyo mwalimu wako wa Chicago," akasema, "alianzia ofisi gani?"

Nikamwambia alianzia kwenye kumbukumbu za kodi, lakini kwa habari ya kiwanja nadhani angeanzia ardhi, aombe kuiona ramani. Nikasikia anafungua geti, na ndoo inawekwa chini.

"Alhamisi nina vipindi viwili tu," akasema, akakata simu.